Makosa ya Usiku, Makosa ya Kanda

Wimbo wa mwisho umeisha, au tuseme umechoka wenyewe ukalala. Johnny Rotten, mwimbaji wa bendi ya panki ya Uingereza, Sex Pistols, amechutama kwenye jukwaa la ukumbi wa Winterland, San Francisco. Ni tarehe 14 Januari 1978. Anacheka kicheko kikavu, anawauliza waliofurika ukumbini kama wamewahi kuhisi kwamba wametapeliwa, anawatakia usiku mwema, anaiachia maikrofoni na kuondoka.

Sex Pistols hawakusimama tena pamoja jukwaani kwa miaka 18.

Kinachobaki kwenye kanda baada ya hapo ni umati tu. Na hapo ndipo penye swali dogo ambalo limekwama kama mwiba wa samaki kooni, tangu maonyesho matatu ya ziara ile ya Marekani (Atlanta, Dallas na San Francisco) yatolewe upya kwenye santuri mwaka 2025. Fundi anayeandaa santuri ya tamasha la mwisho, umati ule auache sekunde ngapi?

Swali la sekunde, lakini ukilivuta linatoka na mizizi yake yote.

Makosa ya aina mbili

Kanda ya tamasha ina makosa ya usiku na makosa ya kanda. Makosa ya usiku ni gita la Steve Jones linalopoteza ulinganifu katikati ya wimbo, besi inayoyoyoma, mwimbaji anayeruka mstari. Makosa ya kanda ni mengine kabisa: kasi isiyo sahihi, mvumo wa umeme, mkwaruzo, sauti nyembamba iliyofifia kwa sababu kichwa cha mashine kilikaa upande.

Msimamo wa makala hii ni mmoja. Makosa ya kanda yaondolewe yote yanayoondoleka. Makosa ya usiku yasiguswe.

Kulisema ni rahisi. Ukumbi huohuo wa Winterland uliwahi kuandaa kwaheri nyingine: tarehe 25 Novemba 1976, bendi iitwayo The Band iliaga pale kwa karamu. Watu walilishwa bata mzinga kabla ya muziki, wageni mashuhuri wakapanda mmoja baada ya mwingine, na kila chombo kikarekodiwa kwenye njia yake. Kisha wakaenda studio kurudia sehemu nyingi zilizokuwa na kasoro. Matokeo yake ni mazuri kusikiliza. Lakini ukiuliza usiku ule ulisikika vipi, santuri haiwezi kukujibu.

Kwa panki jibu hilo ndilo bidhaa yenyewe. Hakuna anayenunua tamasha la Winterland la 1978 ili asikie nyimbo zikipigwa vizuri. Albamu ya studio ipo, na humo Jones mwenyewe alipiga sehemu kubwa ya besi kwa sababu mpiga besi wao, Sid Vicious, hakuwa mpigaji wa kutegemewa. Anayenunua usiku wa mwisho anataka kusikia kitu kikivunjika.

Siku hizi kuna programu zinazoweza kutenganisha sauti zilizokwisha changanywa: ngoma huku, mwimbaji kule, besi peke yake. Kishawishi cha kumpandisha Sid ni kikubwa. Nadhani ni kosa, na si kwa sababu teknolojia ni haramu. Ukitumia programu hiyohiyo kupunguza mvumo uliofunika besi, unasafisha kioo. Ukiipandisha besi desibeli 6 ili bendi isikike imara, unachora picha nyingine nyuma ya kioo.

Ila kuna kosa la tatu linaloharibu mpangilio huu mzuri, nalo ni la aliyekaa kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Tamasha la Winterland lilirushwa redioni, na anayechanganya sauti kwa ajili ya redio anasikiliza kwa vipokea sauti huku ukumbi wote ukimngurumia pembeni. Mara nyingi mwimbaji anakuwa juu mno na gita chini mno katika nyimbo mbili tatu za kwanza, mpaka apate mizani. Hilo ni kosa la usiku au la kanda? Katika ukumbi halikuwepo. Katika redio lilikuwepo.

Mimi huliacha. Lakini sina ubishi na fundi anayeinua gita desibeli 1 au 2 kwenye wimbo wa kwanza na kulirudisha mahali pake kufikia wa pili. Zaidi ya hapo anaanza kumfanyia mtu wa 1978 kazi ambayo mwenyewe hakuimaliza.

Kabla kanda haijazunguka

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika dakika ya kwanza: mtu anaifurahia kanda, anaiweka kwenye mashine, anabonyeza.

Kanda nyingi za kampuni ya Ampex za nusu ya pili ya miaka ya 1970 zina ugonjwa wa gundi. Gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu wa hewa, hulainika, na kanda ikipita kwenye kichwa cha mashine inalia kama mlango usiotiwa mafuta huku ikiacha utando wa kahawia. Utando huo ndio muziki wenyewe. Ukiendelea kuicheza, unaukwangua.

Tiba yake ni joto dogo la muda mrefu: takriban nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8 hivi kwa kanda ya upana wa robo inchi, ukiigeuza mara kadhaa, kisha uiache ipoe kwa muda uleule. Tanuri la jikoni halifai, maana linawaka na kuzimika na joto lake linaruka juu bila taarifa. Wengi hutumia kikaushio cha matunda chenye feni, wakapima joto kwa kipimajoto tofauti bila kuiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe. Baada ya hapo una wiki chache za kuihamisha kwenye kompyuta kabla unyevu haujarudi.

Tahadhari: kanda za zamani zaidi, zile za asetati, usizipashe joto kamwe. Zitajikunja na kukakamaa. Shika rundo la kanda dhidi ya mwanga, ulitazame ubavuni. Asetati hupitisha mwanga, poliesta huwa nyeusi tii. Asetati pia hukatika kavu inapovutwa, wakati poliesta hurefuka kwanza.

Kisha pembe ya kichwa. Mashine iliyorekodi usiku ule haikuwa imenyooshwa sawa na mashine yako, na tofauti ndogo sana ya pembe inatosha kumeza matoazi. Unganisha njia mbili za sauti ziwe moja, sikiliza sehemu yenye matoazi mengi, zungusha skrubu ya kichwa polepole sana mpaka sauti nyembamba za juu zifunguke ghafla. Ukipita kidogo tu zinafunga. Fanya hivyo upya kila mahali vipande viwili vya kanda vilipogandishwa pamoja, kwa sababu kipande kinachofuata huenda kilirekodiwa kwenye mashine nyingine.

Halafu hamisha kila kitu kwa biti 24 na kilohezi 96, bila kusafisha chochote. Usafishaji una siku yake, na faili hiyo ghafi ndiyo utakayoirudia utakapogundua umekosea.

Umeme unaokumbuka

Kasi ndiyo makosa ya kanda yanayodanganya zaidi, kwa kuwa kanda iliyokimbia kidogo inapendeza. Bendi inasikika kali, ya haraka, yenye hasira. Watu wamependa matamasha ya panki kwa miaka mingi bila kujua kwamba sehemu ya hasira hiyo ni mota ya mashine ya kunakilia.

Kasi ikizidi kwa asilimia 3, sauti inapanda nusu ya nusutoni. Sikio la kawaida haliwezi kuisema, ila koo la mwimbaji linabana na ngoma ya chini inapoteza kifua. Tamasha la dakika 50 linapoteza dakika 1 na nusu.

Utaipimaje? Ungetegemea gita, lakini gita lenyewe halikuwa na ulinganifu; hilo ni kosa la usiku. Unahitaji saa ambayo haikuwa mikononi mwa wanamuziki.

Saa hiyo ni umeme wa mji.

Umeme wa Marekani unapigapiga mara 60 kwa sekunde, na mkengeuko wake ni mdogo mno. Kila amplifaya jukwaani, kila waya uliopita karibu na transfoma, uliacha mvumo huo ndani ya kanda. Chukua sehemu tulivu kati ya nyimbo, sekunde 10 au zaidi, uifungue kwenye programu inayochora masafa. Usiishie kwenye hezi 60. Nenda kwenye mvumo wa mara tatu yake, hezi 180, kwa sababu kosa linakuwa kubwa mara tatu na kupimika kirahisi. Ukiukuta umekaa kwenye 185.4, kanda inakimbia kwa asilimia 3. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa gombo. Mashine zilizochoka hubadili kasi kadiri gombo linavyopungua upande mmoja na kunenepa upande mwingine, kwa hiyo marekebisho ya namba moja kwa tamasha zima huwa hayatoshi.

Hapa pana mtego. Mashine yako ya leo nayo ina mvumo wake, na kila nakala iliyofanywa njiani iliongeza wa kwake. Kwanza simamisha kanda: mvumo unaobaki ni wako, uondoe kwenye hesabu. (Anayefanya kazi hii Dar es Salaam au Nairobi ana bahati ya bure hapa. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo uchafu wa nyumbani hauchanganyikani na ushahidi wa kule.) Ikibaki mivumo miwili, mmoja kwenye 60.0 na mwingine 61.8, ule wa 60.0 pengine ni wa mashine ya kunakilia na ule uliohama ndio wa ukumbini. Hakikisha kwa kusikiliza: mvumo wa jukwaani hupanda na kushuka mpiga gita anapogusa kitasa cha sauti au kuchomoa waya. Kwa Jones utautafuta zaidi kwenye amplifaya, maana gita lake, Les Paul nyeupe, lina koili mbili zinazofutiana mvumo.

Napenda sana jambo hili. Waliojaa jukwaani walikuwa wakibomoa kila kitu, na chini yao umeme wa San Francisco ulikuwa ukihesabu bila kukosea.

Alama ya redio

Kwa kuwa tamasha la Winterland lilirushwa hewani, kanda za nyumbani zilizalishwa usiku uleule. Santuri za magendo nyingi zilitoka huko. Basi toleo jipya linapotangazwa kwamba limetoka kwenye kanda asilia, kuna njia ya kulikagua bila kumwuliza mtu.

Redio ya FM haipitishi sauti inayozidi kilohezi 15, na kwenye kilohezi 19 hubeba mlio mwembamba unaoiambia redio kwamba matangazo ni ya stirio. Fungua faili la sauti la toleo hilo kwenye kichora masafa. Ukiona sauti imekatika kama kwa kisu kwenye 15, halafu uzi mwembamba kwenye 19, hiyo ilinaswa hewani. Uzi huo una faida yake pia: ni sahihi kuliko umeme, kwa hiyo ukiukuta kwenye 19.57 umepata kosa lako la asilimia 3 bila jasho. Kwa bahati mbaya redio nyingi ziliuchuja, na mashine za kaseti hazikuufikia.

Alama nyingine ni pumzi. Mitambo ya kituo cha redio hubana sauti kubwa na kuinua ndogo ili msikilizaji aliye garini asipoteze kitu. Bendi ikinyamaza, umati unavimba polepole kana kwamba unasogea karibu. Ngoma ikipigwa, umati unarudi nyuma.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba hilo ni kosa la kanda, la kuondolewa. Sasa sina uhakika wa namna ile. Waliosikiliza majumbani kupitia kituo cha redio cha KSAN waliusikia usiku ule ukipumua hivyo, na hao nao walikuwa wahudhuriaji wa aina yake. Kinachonishawishi zaidi ni kwamba kufumua mbano huo hakuwezekani kwa usafi: unapojaribu, matoazi yanaanza kutetema kama bati. Kwa hiyo: kanda ya mikisa ikiwepo, itumike hiyo, na isivalishwe nguo za redio. Ikiwepo ya redio pekee, iachwe ipumue, na jalada liseme wazi.

Usiku mmoja, au miwili?

Jalada ndilo mahali ambapo kosa la kanda hugeuka kuwa uongo.

Mfano mkubwa ni The Stooges, bendi ya Marekani. Tarehe 9 Februari 1974, Michigan Palace mjini Detroit, mwimbaji wao Iggy Pop na wenzake (Ron na Scott Asheton, James Williamson, Scott Thurston) walipiga tamasha lao la mwisho kabla ya kukutana tena mwaka 2003. Iggy aliwachokoza waliohudhuria, nao wakajibu kwa mayai, barafu na chupa. Kanda yake ilitoka kwenye santuri mwaka 1976 kupitia kampuni ya Ufaransa, Skydog, kwa jina Metallic K.O., na kwa miaka mingi ilisikilizwa kama usiku mmoja wa maangamizi.

Haikuwa usiku mmoja. Upande wa kwanza ulitoka kwenye tamasha la tarehe 6 Oktoba 1973, ukumbi uleule, miezi minne kabla.

Je, kuna aliyeumia? Muziki ni wa bendi ileile, chuki ileile, mji uleule. Lakini sikiliza ukiwa unajua. Upande wa kwanza bendi bado ina kesho. Upande wa pili haina. Santuri iliyoviunganisha viwili hivyo ilitufundisha kusikia mporomoko wa dakika 40 ambao kwa kweli ulichukua msimu mzima wa baridi, na matoleo ya baadaye yaliyotenganisha tarehe yamebadilisha hadithi bila kubadili noti hata moja.

(Ukumbi wenyewe leo ni maegesho. Magari yanalala chini ya dari ya plasta yenye nakshi za mwaka 1926.)

Kwa hiyo anayeandaa toleo upya ana wajibu kabla ya kugusa kitufe chochote cha sauti: tarehe ya kila upande, chanzo cha kila kipande, na kila mahali palipounganishwa. Kipande kikikosekana kwa sababu gombo liliisha na likabadilishwa, achia pengo lisikike, hata nusu sekunde. Kukijaza kwa umati uliokopwa kutoka usiku mwingine ni kurudia kosa la santuri ya Detroit.

Wimbo wa mwisho hukaa mahali pabaya

Sasa tuje kwenye santuri yenyewe, maana hapa maumbile ya kifaa yanapingana na tamasha la mwisho moja kwa moja.

Santuri ya inchi 12 inazunguka kwa kasi moja, mara 33⅓ kwa dakika, lakini mfereji wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Pembeni kabisa, milimita 146 kutoka katikati, mfereji unapita chini ya sindano kwa karibu milimita 510 kila sekunde. Ndani, kwenye milimita 60, unapita kwa 210 tu. Sauti ileile inalazimika kuandikwa kwenye nafasi isiyofikia nusu. Herufi zinabanana, na zinazoumia kwanza ni sauti nyembamba: matoazi na "sss" za mwimbaji.

Kwa albamu ya kawaida mafundi huweka wimbo mpole mwishoni mwa kila upande. Tamasha halikupi ruhusa hiyo. Wimbo wa mwisho wa Winterland ni No Fun, walioukopa kwa The Stooges haohao, mrefu, wa matoazi matupu na koo lililochakaa. Na baada yake yanakuja maneno ambayo kila mnunuzi ameyasubiri. Yote hayo yanaangukia kwenye kona mbaya kuliko zote za sahani.

Tuseme tamasha lina dakika 52. Nyimbo ni 14. Una njia tatu.

Sahani moja, dakika 26 kila upande. Mizunguko kama 867 inabidi ienee kwenye milimita 86, yaani mistari 10 kwa kila milimita. Ili mifereji isigongane, fundi anashusha sauti nzima kwa takriban desibeli 4 hadi 6 ikilinganishwa na upande wa dakika 18, na anapunguza besi. Msikilizaji ataongeza sauti nyumbani, na akiiongeza anaongeza pia mchakacho wa sahani. Bei ni nafuu, ndiyo maana njia hii ndiyo inayotumika zaidi.

Sahani mbili kwa mizunguko 45, dakika 13 kila upande. Mfereji unapita kasi zaidi kwa asilimia 35, sauti ni safi kila mahali. Lakini msikilizaji anainuka mara tatu katikati ya tamasha moja, na tamasha la panki linaloinuliwa mara tatu ni kama chai iliyopoa mara tatu.

Njia ninayoitetea ni ya tatu: sahani mbili kwa 33⅓, pande tatu tu, zigawanywe 20, 20 na 12, upande wa nne uachwe bila mfereji. Ule wa dakika 12 una mizunguko 400. Hata ukiipa nafasi ya ukarimu, mistari 8 kwa kila milimita, milimita 50 zinatosha, na wimbo wa mwisho unamalizika ukiwa bado mbali na kitovu, milimita 96, ambako mfereji unapita kwa 335 badala ya 210. Tofauti hiyo haihitaji sikio la fundi. Gharama ni sahani ya pili na kalibu moja zaidi, na muuzaji atalalamika kwamba watu watauliza kwa nini upande mmoja ni mtupu. Acha waulize.

Pa kukata pia pana kanuni. Usikate baada ya wimbo unaopendwa kwa kuwa tu makofi ni makubwa. Kata pale ambapo jukwaani penyewe kulikuwa na kusimama: waya uliokatika, gita linalolinganishwa, mwimbaji anayegombana na mtu wa mstari wa mbele. Ugomvi uuache upande unaomalizika. Ukiupeleka mwanzo wa upande unaofuata, sindano inashuka katikati ya sentensi.

Laka

Mambo machache ya haraka kwa anayepeleka faili kwa mkataji, fundi anayechonga mfereji wa kwanza.

Kabla ya kukatwa, sauti hupindishwa kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani: chini kabisa, kwenye hezi 20, inashushwa karibu desibeli 20, na juu kwenye kilohezi 20 inainuliwa kiasi hicho hicho, ili amplifaya ya nyumbani iirudishe. Maana yake "sss" za mwimbaji zinafika kwenye kichwa cha kukatia zikiwa zimetunishwa. Zibane kati ya kilohezi 5 na 9, kidogo, neno kwa neno ikiwezekana, badala ya kufunika wimbo mzima. Besi chini ya hezi 150 iwe katikati. Kanda za ukumbini mara nyingi zina besi upande mmoja kwa sababu maikrofoni ilikuwa karibu na spika ya kushoto, na mfereji wa namna hiyo hurusha sindano. Kadiri sauti ilivyobanwa kidijitali ndivyo santuri inavyosikika ndogo, kwa hiyo mpelekee mkataji faili ambalo halijaminywa.

Laka ni sahani ya alumini iliyopakwa nitroselulosi, ambayo mfereji hukatwa juu yake kwanza. Tangu kiwanda cha Apollo cha California kiungue Februari 2020, dunia imetegemea zaidi kiwanda kimoja cha Japani. Kuna njia ya kukata kwenye shaba, inayokubali pande ndefu zaidi, lakini sauti yake ni kali juu. Kwa kanda ambayo tayari inachoma masikio, nisingeichagua. Laka ikishakatwa isikae: ipelekwe kwenye nikeli ndani ya siku moja au mbili, maana mfereji laini hujirudi taratibu na sauti za juu hufifia.

Sahani za majaribio

Kiwanda kitakutumia chache, 5 au 10, kabla ya kuendelea. Watu huzisikiliza kwa furaha. Zisikilize kwa saa mkononi.

Mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Ukisikia tiki inayojirudia kila sekunde 1.8, kuna alama kwenye sahani yenyewe. Ikiwa iko mahali palepale kwenye sahani zote, kasoro ni ya kalibu, itengenezwe upya. Ikiwa kwenye sahani moja tu, ni vumbi la siku hiyo. Sauti ikiyumba kwa mwendo huohuo wa 1.8, hasa kwenye noti ndefu za gita, tundu la katikati limehama. Ukisikia mchaniko kama wa zipu upande mmoja wa stirio, inamisha sahani kwenye mwanga. Utaona nukta nyeupe kama mshono. Hapo plastiki haikuujaza mfereji, kwa sababu mashine haikupata joto la kutosha au ilifunguliwa mapema.

Kwenye tamasha la panki ni rahisi kuyasamehe yote hayo: nani atajua, si kelele tu? Atajua anayerudia mara ya tano. Kelele ya umati haijirudii. Kelele ya kiwanda inajirudia.

Uzito usikubabaishe. Gramu 180 hazisikiki tofauti na 140 zikikatwa na fundi mmoja. Fedha hiyo iende kwenye upande wa tatu.

Sekunde ngapi?

Turudi kwa Rotten aliyekwisha ondoka.

Njia ya kwanza ni kufifisha umati polepole kwa sekunde 5. Inasikika kistaarabu, na ndiyo inayotumika mara nyingi. Siipendi, kwa sababu mkono wa fundi unasikika ukitufungia pazia ambalo pale ukumbini halikufungwa na mtu yeyote.

Njia ya pili ina ujanja: kuupeleka umati mpaka ndani ya mfereji wa mwisho, ule unaojifunga duara, ili makelele yale yaendelee kila sekunde 1.8 hadi mtu ainue mkono wa sindano. Nilivutiwa nayo kwa siku mbili hivi. Lakini umati wa Winterland haukubaki pale. Ulitafuta makoti, ukabishana, ukaenda nyumbani, na kabla mwaka haujaisha kabisa ukumbi wenyewe ulikuwa unajiandaa kufungwa.

Kwa hiyo umati uachwe kwa urefu wote uliomo kwenye kanda, bila kufifishwa, hadi pale mtu wa 1978 aliponyoosha kidole akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Ukisikiliza kwa sauti kubwa, kwenye kanda za namna hii husikika mshindo mdogo wa mashine ikisimama. Usiufute.